Kipimo Kimeshakujibu, Mwanangu

Mwanangu, mbukwa.

Ujumbe wako wa usiku wa manane nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza: "Mama, nimepima mara nne, zote zinasema sina VVU. Mbona mwili una dalili zote? Inawezekana virusi vimejificha, kipimo hakivioni?" Ningekupigia, lakini baba yako yuko sebuleni na wewe ungelia, basi nimeona niandike. Yeye nimemwambia una vidonda vya tumbo. Ameridhika. Hapa Mpwapwa nani hana vidonda vya tumbo?

Jibu lenyewe: haiwezekani. Huna VVU. Mara ya mwisho kulala na yule kijana ilikuwa kabla ya Pasaka, na kipimo cha mwisho umepima Agosti. Kile cha kutoboa kidole kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza virusi vikishaingia. Kwa wengi huonekana ndani ya wiki chache, na miezi mitatu ikiisha hatusemi tena "rudi upime". Wewe miezi mitatu umeiacha nyuma. Tena ulipogundua kuwa yeye ana virusi, zile saa 72 za kuanza dawa za kinga zilikuwa zimepita, kwa hiyo hukunywa chochote ambacho kingeweza kuchelewesha majibu. Majibu yako ni meupe, hayana doa.

Halafu kuna jambo ambalo hutaki kulisikia kwa sababu umemkasirikia. Ulipokuta lile kopo la dawa kwenye begi lake, wewe uliona ukimwi. Mimi niliyekaa kliniki ya tiba na matunzo ya wenye VVU mpaka kustaafu, naona mtu anayemeza dawa. Amekutumia picha ya majibu ya wingi wa virusi, na virusi havionekani, yaani dawa imevipunguza mpaka kipimo hakivihesabu. Mtu wa namna hiyo, akiendelea kumeza kama alivyoelekezwa, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 14 za Ulaya, wenza 888, mmoja ana virusi na yuko kwenye dawa, mwingine hana, na wanakutana bila kondomu. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Wachache waliopata virusi, vilipochunguzwa vilionekana vimetoka kwa mtu mwingine kabisa. Hayo tuwaachie wenyewe. Wa kuogopa zaidi ni yule asiyejua hali yake na anayejisifu kuwa mzima.

Sasa dalili zako. Sisemi unajitungia. Moyo unaenda mbio kweli, vidole vinakufa ganzi kweli, na uzito umeshuka, niliuona msibani kwa mjomba wako hata kabla hujasema. Ila hebu nikueleze tabia hii ya kusoma mwili ilikotoka, maana sisi manesi wa zamani tuliiishi.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera. Miaka michache iliyofuata ugonjwa ulifika kila mkoa, lakini vipimo havikufika. Mwaka 1985 wataalamu walikutana Bangui, Afrika ya Kati, wakaandika vigezo vya kumtambua mgonjwa pasipo kipimo: uzito kupungua kwa zaidi ya asilimia 10, kuhara zaidi ya mwezi, homa zaidi ya mwezi, na vingine vidogo kama vipele, utando mweupe mdomoni na matezi. Tulikuwa tunatazama mwili kwa sababu hatukuwa na kitu kingine cha kutazama. Hata hivyo vigezo vile viliwachanganya watu, mwenye kifua kikuu akahesabiwa mwenye ukimwi. Vipimo vilipofika tukaviacha, na hakuna aliyevililia. Lakini mtaani havikuachwa. Ndivyo unavyovisoma kwenye simu saa nane za usiku, kisha unasimama mbele ya kioo na kutoa ulimi. Majibu manne unayo mkononi, na bado unafanya kazi ya mwaka 1985.

Tuanze na ganzi. Mtu mwenye hofu hupumua haraka na juu juu bila kujijua. Hewa chafu ya kaboni inapungua mno kwenye damu, na hapo vidole vinakufa ganzi, midomo inachomachoma, kichwa kinakuwa chepesi. Ukikaa ukatoa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyovuta, kwa dakika kadhaa, utaona inaondoka. Moyo nao ni hofu hiyohiyo, mwili umejiandaa kukimbia na hakuna pa kukimbilia. Tumbo ndilo la kwanza kuvurugika mtu akiogopa, na asiyekula anakonda. Tezi chini ya taya ungeacha kuzibonyeza ingekuwa vizuri. Kila mtu anazo, na ukizifinya mara ishirini kwa siku lazima ziume. Ngozi kuwasha na midomo kupasuka? Mwanangu, ni mwezi wa tisa na unaishi Dodoma. Paka mafuta.

Kuhusu kule chini kuwasha, hilo nimelikasirikia kidogo. Umeniambia ulinunua doksi na flajili, dawa za kuua bakteria, duka la dawa "kwa tahadhari", ukamaliza dozi mbili, na kila siku unajiosha ndani kwa sabuni ya dawa. Dawa kama hizo zinaweza kuua pia wale bakteria wazuri wanaoulinda uke, na sabuni inamalizia waliobaki. Fangasi wanapata nafasi. Ile ladha ya chuma mdomoni uliyoiandika kwa herufi kubwa ni flajili. Acha sabuni, acha kujinunulia dawa, nenda wakakuangalie na wakupe dawa ya fangasi inayostahili.

Na ukienda, maliza kila kitu siku hiyohiyo kwa daktari mmoja. Mwombe apime kaswende, kisonono na homa ya ini B, kwa sababu hayo hukuyapima kabisa, ulikuwa umeganda kwenye jambo moja tu. Homa ya ini B ikiwa huna, uliza chanjo. Mwambie pia kuhusu moyo na uzito, apime wingi wa damu na tezi ya thairoidi, maana thairoidi ikizidi kazi nayo hukondesha mtu na kumkimbiza moyo. Kitakachoonekana kitatibiwa. Kisipoonekana kitu, tumefunga.

Tumefunga maana yake hupimi tena. Najua utaniambia "mara moja tu ya mwisho". Kupima tena ni kama kukuna upele, dakika moja ya raha kisha unawasha kuliko mwanzo. Mara ya kwanza majibu yalikupa usingizi wa wiki mbili, ya pili siku chache, ya nne uliniambia hata getini hukufika ukiwa na amani. Kwa hiyo kipimo cha tano hakina cha kukusaidia. Simu ilale sebuleni, wewe ulale chumbani. Wazo likija usilijibu wala usibishane nalo, endelea na ulichokuwa unafanya. Mwanzoni litapiga kelele zaidi, kisha litachoka.

Likigoma kuchoka, uende Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya hapo Dodoma. Najua umeshtuka. Tumelikuza jina hilo kuwa tusi, mtoto akifanya utundu tunamwambia atapelekwa Mirembe, na leo mtu mwenye hofu inayotibika anaogopa kuonekana getini. Pale wanatibu pia watu wanaokuja asubuhi na kurudi makazini mchana. Kama geti linakushinda, hospitali nyingine kubwa za hapo mjini nazo uliza idara ya afya ya akili. Utazungumza na mtaalamu, na akiona haja atakupa dawa za wasiwasi, ambazo watu wengi huzitumia kwa muda na kuacha kwa maelekezo yake. Shangazi yako ameshaanza habari za maji ya upako. Mwache aombe, maombi hayana ubaya, lakini miadi ya daktari usiikose.

Nimegundua kitu kimoja kwenye meseji zako, sijui kama wewe umekiona. Siku alizokupigia ndizo siku ulizoumwa zaidi. Nadhani hasira yako haijapata pa kwenda. Una haki nayo. Alipaswa kukuambia kabla, na sheria yetu ya mwaka 2008 inamtaka mwenye virusi amjulishe mwenza wake. Kwamba hakukuambukiza hakufuti kwamba alikunyima nafasi ya kuamua. Mwambie hivyo yeye mwenyewe, kwa sauti ukipenda. Ila usimtangaze kwa marafiki zako wa Mtumba. Hali yake ni siri yake, nami kliniki nimeona ndimi za watu zilivyomfanya mtu aache dawa.

Kama umsamehe au umwache, hilo silijibu kwa maandishi.

Jumamosi panda gari la asubuhi uje. Uwele upo na mlenda umeshakauka vizuri. Vile vipimo viwili vya kujipima ulivyobakiza kwenye droo vilete, nitavikabidhi zahanati wapewe wanaovihitaji. Na baba yako akikuuliza habari za tumbo, mwambie linaendelea vizuri.

Mama yako.