Kwa nini [^kosa] haiondoi mistari yenye neno "kosa"

Ndugu, umeuliza kwa nini amri ya grep '[^kosa]' (grep ni programu inayoonyesha mistari inayolingana na ruwaza, yaani kielelezo cha maandishi yanayotafutwa) inazidi kukuonyesha mistari yenye neno "kosa" ilhali ulikusudia iiondoe. Mabano ya mraba hayatambui maneno, hutambua herufi moja moja tu. Ruwaza yako inasema: nitafutie herufi moja yoyote isiyo k, wala o, wala s, wala a, na kwa kuwa mpangilio wa hizo nne hauna uzito wowote, hata ungeandika [^sako] ungepata matokeo yale yale. Mstari "kosa la mtandao" una nafasi, una l, una m, na kila moja kati ya hizo inatosha kuupitisha. Utakaofichwa ni mstari usio na herufi nyingine zaidi ya hizo nne, kwa mfano wenye neno "soko" au "kaka" peke yake, ambao wewe hukuukusudia kabisa. Tumia grep -v 'kosa' (-v huonyesha mistari isiyolingana na ruwaza), kwani kukanusha mstari mzima ni kazi ya amri, si ya mabano.

Liko jambo la pili ambalo naliona zito zaidi, kwa sababu huwapita hata wazoefu. [^h] haisemi "hapa pasiwe na h". Inasema "hapa pawe na herufi, na herufi hiyo isiwe h". Katika kusafisha orodha za majina, jina moja kwa kila mstari, nimekuwa nikitafuta d zisizofuatwa na h. Ruwaza d[^h] hulikamata "Hadija" lakini huliacha "Rashid", kwa kuwa baada ya d ya mwisho hakuna herufi ya kukamatwa. Kwa grep, andika grep -E 'd([^h]|$)', yaani d inayofuatwa na herufi isiyo h au na mwisho wa mstari ($); katika lugha za programu kama Python, Perl au JavaScript, d(?!h) ni bora, maana huchungulia kilicho mbele bila kukichukua. Tofauti hiyo hudhihirika unapobadilisha maandishi: ukiweka "dh" mahali pa d[^h], "Ramadani" hugeuka "Ramadhni", kwa sababu a ilikuwa imeshachukuliwa pamoja na d, ilhali d(?!h) hukupa "Ramadhani".

Ukisoma faili zima katika Python kama maandishi mamoja, mambo hugeuka: d[^h] sasa italikamata "Rashid", kwani alama ya mstari mpya nayo si h, na ukibadilisha, jina hilo litagandana na la mstari unaofuata. Nukta (.), ambayo katika ruwaza husimama badala ya herufi yoyote, kwa kawaida huikataa alama hiyo. Kundi lililokanushwa, yaani mabano yanayoanza na ^ kama [^h], huikubali.

Hata hivyo, mimi hulitumia kundi hili kila siku na nalipendekeza kwa dhati. Katika mstari jina="Asha" mji="Tanga", ruwaza ".*" (nyota ni kurudia mara nyingi iwezekanavyo) huanzia alama ya kwanza ya kunukuu hadi ya mwisho kabisa na kumeza vyote vya katikati, ila "[^"]*" huishia kwenye alama inayofuata. Naipendelea kuliko ".*?", ambayo hurudia mara chache iwezekanavyo, kwa sababu mpaka umetajwa waziwazi ndani ya ruwaza yenyewe. Pale ambapo mtu huenda amesahau kufunga nukuu, andika "[^"\n]*" (\n ni alama ya mstari mpya) ili utafutaji usivuke mstari.

Mwisho, alama ya ^ hukanusha ikiwa ya kwanza tu ndani ya mabano: [h^] ni h au ^ yenyewe.