Usiing'oe Stiki Kabla Hujaipima

Kitufe cha teke jepesi upande wa mchezaji wa pili kimekaa mshazari kidogo, na pembeni yake stika ya mapambo ina ufa wa urefu wa kucha. Wageni wanaoshuka huku chini nilikoiweka mashine hudhani ni uzee. Si uzee. Ni mimi na drili yangu, Jumamosi moja, nikiwa na haraka isiyo na sababu.

Mashine yenyewe ni ya gemu ya kupigana, Street Fighter II ya Capcom, ile ya mwaka 1991: kabati la mbao refu kunizidi, TV ya chogo tumboni, mlango wa sarafu magotini. Niliinunua hapa Columbus, Ohio, kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka lake la kufulia nguo. Alinipunguzia bei kwa sababu, kwa maneno yake, vitufe vilikuwa vimekufa. Nilijaribu nikaona ni kweli. Kati ya vitufe 12 vya kupigia, saba havikuitika, na stiki, yaani mpini wa kumwelekeza mpiganaji, ya mchezaji wa kwanza ilikuwa inakwenda chini pale inapojisikia. Usiku uleule nikaagiza mtandaoni seti nzima mpya, vitufe na stiki mbili za Kijapani, zile wanazozisifia wachezaji wa mashindano. Dola 140 zikaondoka.

Mzigo ulipofika nikagundua jambo ambalo rula ingeniambia bure. Vitufe vya Kijapani vinataka tundu la milimita 30. Matundu ya makabati ya Kimarekani ya miaka ile ni inchi moja na thumni, yaani milimita 28 na nusu hivi. Kitufe kilikaa juu ya tundu kama mfuniko wa sufuria nyingine. Mwenye akili angerudisha mzigo. Mimi nikaleta drili. Meno yake yalipogusa paneli, ule ubao wa vitufe, yalianza na ile stika, yakaidaka, yakaikunja, yakaipasua, yote hayo kabla sijaondoa kidole. Nikakaa kwenye ngazi nikampigia mjomba.

Mjomba wangu ni fundi redio Tanga, na redio alizozifufua ni nyingi kuliko watu aliowasalimia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, umeharibu nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akauliza neno moja: "Umepima?"

"Sijapima, mjomba, lakini vimekufa. Nabonyeza, hakuna kitu."

"Yaani mgonjwa hujampima, jeneza umeshanunua."

Basi tukapima, yeye kwenye simu na mimi nimelala chali chini ya paneli, tochi mdomoni.

Kwanza chomoa plagi ukutani. Usizime tu swichi ya mashine. Nyaya za vitufe zenyewe hazina neno, zinabeba volti tano tu. Hatari iko nyuma yake, kwenye TV ya chogo: ile kofia ya mpira iliyobandikwa ubavuni mwa tyubu hubeba volti 20,000 na zaidi, na chaji yake inaweza kubaki hata mashine ikiwa imechomolewa. Kazi ya vitufe haikulazimishi kufika huko, kwa hiyo usifike. Kwenye kabati langu paneli inafungukia mbele: unapitisha mkono kwenye mlango wa sarafu, unapapasa mpaka uzipate komeo mbili kwa ndani, unazifyatua, na ubao wote unainuka kama mfuniko wa kasha. Halafu piga picha za nyaya. Ukidhani zimetosha, piga nyingine kumi.

Ukitazama chini ya kitufe utakuta swichi ndogo nyeusi yenye ndimi tatu za chuma. Ubavuni mwake zimechapwa herufi: COM, NO, NC. Waya wa ethi unakaa kwenye COM na waya unaopeleka habari kwenye bodi ya gemu unakaa kwenye NO. Ukibonyeza, COM na NO vinakutana na bodi inajua umepiga. Ukikosea ukachomeka kwenye NC, mambo yanageuka: bodi inadhani umebonyeza muda wote, na ngumi inatoka ukiachia badala ya ukibonyeza. Nimeshawahi kumfanya Blanka, mmoja wa wapiganaji wa gemu, awe hivyo. Alitisha.

Jambo ambalo sikulijua kabisa ni kwamba waya wa ethi ni mmoja. Unatoka kitufe hadi kitufe, unagusa ulimi wa huyu, unarukia wa jirani, kama uzi wa tasbihi. Ukikatika mahali, punje zote za mbele yake zinaanguka, ingawa kila punje ni nzima.

Chukua mita ya umeme, iweke kwenye mlio, chomoa nyaya za kitufe kimoja, gusa COM na NO, kisha bonyeza. Mita ilie ukibonyeza na inyamaze ukiachia. Katika vile vitufe saba "vilivyokufa", vinne vililia vizuri kabisa: mateke yote matatu ya mchezaji wa pili na ngumi moja ya jirani yao. Mjomba akacheka. "Fuata ethi," akasema. Nikaufuata kwa vidole, kituo kwa kituo, mpaka nikafika pahali ambapo waya ulionekana mzima lakini nilipouvuta kidogo ukaja wenyewe, mpira na vyote. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya kichwa cha bati kinachochomekwa kwenye ulimi, na ngozi ya plastiki ilikuwa imebaki kuushikilia. Kichwa kipya, koleo la kubania, dakika mbili. Vitufe vinne vikafufuka, kikiwamo kile cha teke jepesi ambacho tundu lake nilikuwa nimeshalipanua kwa drili.

Nikaachia simu ili mjomba asinione uso.

Viwili vingine vililia mara moja moja. Nilipovifungua nikakuta soda iliyokauka, nadhani ya miaka ile wateja walipokuwa wanasubiri nguo zao. Kitufe cha plastiki kikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni kama kikombe. Swichi haioshwi, inabadilishwa, nayo ni dola chache tu. Cha saba ndicho pekee kilichokuwa kimekufa kweli, na hata hicho kilichokufa kilikuwa swichi. Kitufe chenyewe hakikuwa na kosa. Kwa hiyo bili ya kweli ya vitufe vyangu ilikuwa swichi tatu na kichwa kimoja cha waya.

Ukinunua swichi, pima upana wa ndimi zake. Kuna za milimita 4.8 na kuna za 6.3, na vichwa vya nyaya zako vinaingia kwenye aina moja tu. Vitufe vingi vya Kijapani vina ndimi nyembamba zaidi, milimita 2.8, kwa hiyo hata kama matundu yangekubali, nyaya zingekataa. Tazama pia unene wa paneli: kuna vitufe vya shingo ndefu kwa ajili ya mbao na vya shingo fupi kwa ajili ya bati. Nati yake ikaze kwa vidole tu. Spana itapasua plastiki, na stika ya zamani ya paneli itakunjamana chini ya mdomo wa kitufe.

Na kama mateke yote ya wachezaji wote wawili yamekufa kwa pamoja, usifungue kitufe hata kimoja. Mashine nyingi za enzi hiyo zinafuata mpangilio wa JAMMA, plagi ndefu yenye nafasi 56, na mpangilio huo haukutengewa vitufe sita kwa kila mchezaji. Capcom wakapitisha mateke kwenye waya wa pembeni wenye plagi yake yenyewe. Plagi hiyo hulegea mashine ikihamishwa. Ikandamize kwanza, ndipo uanze kulia.

Sasa stiki, ambayo ndiyo kazi hasa.

Ya kwangu ni ya Kimarekani, nzito, swichi nne zimezunguka mguu wake. Ugonjwa wake ulikuwa upande wa chini, na ubaya wa ugonjwa huo ni kwamba unamsingizia mchezaji. Ile Hadoken, kombora la mpiganaji aitwaye Ryu, inataka uzungushe stiki robo duara: chini, mshazari, mbele, kisha ngumi. Swichi ya chini ikichelewa kidogo tu, unapata ngumi ya hewani na unajiona mzembe. Wiki mbili nzima niliamini umri umenikuta.

Mguu wa stiki umeshikwa na klipu ndogo yenye umbo la herufi E. Hii klipu ina roho mbaya. Ukiitia bisibisi bila kuizuia itaruka na hutaiona tena maishani. Mimi huingiza mkono na stiki ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kama wa mkate, ndipo naisukuma. Ikiruka, inarukia mfukoni. Ikitoka, vipande vinashuka kwa mpangilio: washa, kipande cha plastiki kinachosukuma swichi, springi, mti wenyewe. Vilaze juu ya gazeti kwa mpangilio uleule. Tazama kile kipande cha plastiki: kikilika ubavu mmoja, stiki itachelewa upande huo hata ukiweka swichi za dhahabu. Changu kilikuwa kimelika, unakiona kwa macho, upande mmoja duara na upande mwingine bapa. Nikabadilisha hicho, springi na swichi moja. Mti wa chuma ni uleule wa tangu mwanzo, na utabaki pale nikishazikwa.

Wakati wa kurudisha nyaya nikafanya kosa ambalo naamini kila mtu hulifanya mara moja. Stiki ni kama kasia: ukisukuma mpini mbele, bapa inakwenda nyuma. Kwa hiyo swichi ya kwenda juu ndiyo iliyo upande wa chini, karibu na tumbo lako, na ya kushoto iko kulia. Nilichomeka kwa jinsi macho yalivyoona, nikawasha mashine, nikamwambia Ryu achuchumae, akaruka.

Zile stiki mbili za Kijapani si mbaya. Ni nyepesi, laini, na kwa kidole chepesi zinapendeza sana. Lakini kabati hili lilijengwa kupigwa na vijana wenye hasira waliosimama, na vitufe vyake vina shimo la kupokea ncha ya kidole, si kichuguu kama vya Kijapani. Ukibadilisha, gemu inabaki ileile lakini mkono unaingia nyumba ya watu. Nimezitia kwenye kisanduku cha mbao cha kuchezea kwenye kompyuta. Huko zimetulia.

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, anayeishi Cleveland, aliumia zaidi yangu. Yeye ana Ms. Pac-Man, gemu ya mama anayekimbia vizuka kwenye vichochoro, ambayo haina kitufe cha kupigia, stiki tu na vya kuanzia. Aliona stiki imechoka akaweka mpya, nzuri, ghali, ya pande nane. Tangu siku hiyo akawa analiwa na vizuka kwenye kona za kawaida kabisa. Gemu ile inajua njia nne tu. Stiki ya pande nane ikikaa mshazari inatuma habari mbili kwa wakati mmoja, juu na kulia, na yule mama anasita kwenye kona nusu sekunde, nusu sekunde ambayo kizuka kinaisubiri. Baadhi ya stiki zina sahani chini ambayo ukiizungusha inaziba mishazari. Yake haikuwa nayo. Tukarudisha ile ya zamani, yenye swichi za vibapa viwili vya chuma vinavyobusiana. Vibapa vile havitaki msasa, maana msasa unakula tabaka jembamba la juu ambalo ndilo linalopitisha umeme vizuri. Chukua kipande cha kadi ngumu safi, kipitishe katikati, bana vibapa kwa vidole, vuta. Kadi inatoka nyeusi. Rudia mpaka itoke nyeupe. Kama bado, kunja kibapa kimoja kidogo sana hadi nafasi iwe kama milimita moja. Ilichukua nusu saa, na chai juu.

Stiki yenye mti uliopinda, au bamba la chini lililopasuka, hiyo badilisha, usiwe na huruma. Tafuta ya aina ileile kwanza, kisha ya matundu yaleyale ya bolti, kisha ndiyo uangalie jina la kampuni. Bolti za stiki kwenye mashine kama yangu zinapita chini ya stika ya mapambo. Ukilazimika kuzitoa, utaing'oa stika, na stika nzima ya zamani ni ngumu kupata kuliko stiki.

Mwisho wa kazi usianze kwa kucheza. Ndani ya mlango wa sarafu kuna kitufe kidogo cha majaribio. Kibonyeze, uingie kwenye ukurasa wa kupima vidhibiti, na kila unachogusa kitajitokeza kwenye kioo. Pitia vyote, pande nane za stiki, wachezaji wote wawili, ndipo ufunge komeo. Vipande vya zamani nimevitia kwenye bahasha, nimeandika tarehe, nimeigonga kwa pini ndani ya kabati. Alama ya sigara iliyoungua pembeni ya stiki ya pili sikuigusa. Ilikuja na mashine.

Juzi kijana wangu alinirushia Hadoken tano mfululizo na sikuzuia hata moja. Nikamwambia asubiri, kitufe kina tatizo. Nikafungua mlango wa sarafu, nikaingia kwenye ukurasa wa majaribio, nikabonyeza kimoja kimoja huku amesimama amekunja mikono. Vyote vizima.