Mkutano wa kijiji unakimbiwa, tufanyeje?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Tukiitisha mkutano mkuu wanakuja watu thelathini, wale wale, na unaishia kwa zogo la pampu ya kisima. Watu tutawarudishaje?

JIBU: Kwanza angalieni mnawaita kwa lipi. Kisheria, hapa Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila miezi mitatu, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Ukiitishwa siku za michango tu, watu husikia mbiu wakashika mifuko yao.

Tangazo litoke siku saba kabla, ajenda zikiwa zimeandikwa. “Nyote mnakaribishwa” haimtoi mtu shambani. “Pampu imeingiza shilingi ngapi, na nani ataitengeneza” inamtoa. Libandikeni ofisini na kwenye mashine ya kusaga, lisomwe misikitini na makanisani, na wenyeviti wa vitongoji wapite nyumba kwa nyumba. Epukeni siku ya gulio na asubuhi za palizi. Anzeni saa tisa alasiri, mfunge saa kumi na moja, la sivyo akina mama wataondoka kwenda kupika na maamuzi yatabaki kwa wanaume.

Zogo, mara nyingi, linatokana na mpangilio. Ajenda mbili huwekwa mwisho au huachwa kabisa: yatokanayo na mkutano uliopita, na mapato na matumizi. Zitangulizeni. Hesabu ya kisima iandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, isomeke hata na aliyekaa nyuma: ndoo 60 kwa siku, shilingi 50 kila moja, siku 90, jumla 270,000. Daftari likionyesha 140,000, mjadala unakuwa wa hizo 130,000, si wa nani mchawi wa maendeleo. Mtendaji wa kijiji akisoma “zimetumika zote” bila stakabadhi, msitegemee utulivu.

Kila msemaji apewe dakika tatu. Vijana waanze, maana wazee wakishatoa kauli, nani atawapinga?

Halafu muhtasari. “Mkutano umeazimia pampu itengenezwe” si azimio. Andikeni jina la mhusika, kiasi cha fedha na tarehe, kisha yasomeni mbele ya mkutano kabla haujafungwa. Mkutano ujao unaanzia hapo.

SWALI: Tumesikia halmashauri ya kijiji imempa mtu ekari 40 za malisho. Inaruhusiwa?

JIBU: Si peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Ombeni kuona muhtasari wa mkutano ulioridhia pamoja na orodha ya mahudhurio. Kagueni saini moja moja. Mkikuta sahihi ya mtu ambaye siku hiyo alikuwa safarini, au kurasa nzima zenye mwandiko mmoja, pelekeni malalamiko kwa maandishi kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, nakala kwa mkuu wa wilaya, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.