Kutostahimili laktosi si mzio, wala si kukosa subira

Dada wa Pongwe, umesema cheti cha zahanati kimeandikwa "kutostahimili laktosi", na mama mkwe anadai maana yake huna subira na maziwa. Sivyo. Subira ni ya moyo. Hapa anayeshindwa ni utumbo. Laktosi ni sukari ya maziwa. Kimeng'enya cha kuivunja kikipungua, inachachia tumboni: gesi, kunguruma, kuharisha. Watu wazima wengi wako hivyo.

Ukienda tena, usiseme "nina mzio wa maziwa". Mzio ni kinga ya mwili kupambana na kitu, na matibabu yake ni mengine. Sema tu maziwa yanakuvuruga tumbo, na ueleze baada ya muda gani.

Anza na mtindi. Bakteria wameshaila sehemu ya sukari ile. Maziwa kidogo kwenye chai, ukinywa na kitafunwa, huenda yakapita salama. (Kuacha kabisa, kwa mtu wa Tanga, ni adhabu.) Ukipunguza maziwa, ongeza dagaa wa kuliwa mzima na mifupa yake, usije ukakosa kalsiamu, madini ya mifupa yaliyomo kwenye maziwa.

Ila ukivimba midomo au kubanwa pumzi, huo huenda ni mzio: kimbilia hospitali hapo hapo. Ukiona damu chooni au unakonda, rudi kwa daktari.