Jibu kwa aliyeuliza vijana wake wa Dodoma wajiandaeje kwa misheni ya wiki moja Dar

Bwana asifiwe, dada. Kabla ya fulana na nauli, mpigie mchungaji mwenyeji umuulize yeye anahitaji nini. Sisi tulifika Mbagala, huko huko Dar, na ratiba yetu ya nyumba kwa nyumba asubuhi. Mlango wa kwanza dada wa kazi, wa pili dada wa kazi, wa tatu mtoto anasema mama yuko sokoni. Watu wa Dar wanatoka alfajiri wanarudi usiku! Tukahamishia ziara saa kumi na moja jioni, asubuhi tukabaki kwenye maombi na kufagia kanisa.

Mkutano wa nje unataka taarifa polisi, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue. Hilo mwenyeji alianze mapema, msiende kuhangaika nalo mkiwa kule. Majirani wengi ni Waislamu, kwa hiyo adhana ikianza zimeni spika, na dini ya mtu msiiguse jukwaani.

Kila kijana aandae ushuhuda wa dakika tatu na aufanyie mazoezi mbele ya wenzake. Wa kwetu mmoja alikwenda dakika ishirini, watu wakaanza kuaga.

Treni ya SGR ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ila kateni tiketi mapema. Chandarua, nguo nyepesi, maji. Majina ya waliookoka andikeni kwenye daftari moja mumwachie mchungaji wa pale, maana ninyi Jumapili mnaondoka.