Jibu la swali la wiki: Kilo 54

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji maswali mawili kwa pamoja: kati ya mitindo mbalimbali ya kunyanyua vyuma sisi tunafuata upi, na ni kitu gani kinachotutoa nyumbani kwenda kufanya mazoezi. Naomba nianze na la pili, kwa sababu kwangu mimi ndilo lililozaa la kwanza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 52, na sikuwahi kugusa chuma cha mazoezi hadi nilipofikisha miaka 47. Mwaka ule mama yangu alipata kiharusi kilichomlegeza upande wote wa kushoto, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiishi naye, kazi ya kumtoa kitandani asubuhi, kumkalisha kwenye kiti, kumpeleka kuoga na kumrudisha ikawa yangu. Mama hakuwa mnene. Kwenye mizani ya kliniki alikuwa na kilo 54. Lakini mtu ambaye nusu ya mwili wake imelegea ni mzito kuliko kilo zake, maana hawezi kukushika shingoni, hawezi kukanyaga akakupunguzia, na huwezi kumwachia hata kidogo. Baada ya miezi miwili kiuno changu kilikuwa kimekaza kiasi kwamba mkasi ukianguka chini ya cherehani nilimwita mtoto wa jirani aje kuniokotea.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akimhudumia mama ndiye aliyenifundisha kunyanyua: miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yakunjwe, mgongo unyooke, mgonjwa avutwe hadi karibu kabisa na kifua, na nguvu itoke mapajani. Akaniambia pia kwamba kujua namna hakutoshi ikiwa mwili wenyewe umechoka, na kwamba hata katika umri wangu nguvu hutafutwa ikapatikana. Mtoto wa kaka yangu, ambaye alikuwa akifanya mazoezi nyuma ya nyumba moja mtaani kwetu, aliposikia hivyo alisema, "Shangazi, twende. Hakuna atakayekucheka." Na kweli hawakunicheka, waliniamkia, wakaniletea ndoo ya kukalia, wakaendelea na kazi yao.

Kwa wasiojua mahali pa namna hiyo, pana vyuma lakini vingi si vya dukani. Vijana walichanganya zege, wakalimimina katika ndoo ndogo za lita 10, wakachomeka bomba la chuma kati ya ndoo mbili, wakaacha likauke. Pembeni kuna gia chakavu za malori zilizonunuliwa kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu, benchi la mbao lililopigiliwa mara nyingi, na kipande cha kioo cha kabati kilichoegemezwa ukutani. Kila ndoo ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu: 25.

Niliyemkuta akiongoza mazoezi alinipangia alichowapangia wote, yaani mtindo wa kutunisha misuli. Mtindo huu huugawa mwili vipandevipande: leo kifua, kesho mgongo, keshokutwa mikono, na kila msuli hufanyishwa kazi kwa seti kadhaa, yaani mafungu, za marudio 8 hadi 12, mpaka uwake moto na kuvimba kwa damu. Ni mtindo wenye heshima yake. Shindano lake kubwa la kwanza lilifanyika London mwaka 1901 katika ukumbi wa Royal Albert Hall, likiandaliwa na Eugen Sandow, na tangu mwaka 1965 wakubwa wa fani hiyo hushindania taji la Mr. Olympia. Huko hakuna anayeulizwa ameinua kilo ngapi. Majaji hutazama ukubwa wa misuli, ulinganifu wake na jinsi inavyojichora chini ya ngozi. Mimi niliufuata kwa wiki sita nikikunja mikono mbele ya kile kioo, na kila nilipojitazama sikuona nilichokifuata. Nilikuwa karibu kuacha. Siku hizi naamini kwamba wengi tunaowaita wavivu, kwa sababu walikwenda mwezi mmoja wakakoma, walipewa tu mtindo unaojibu swali la mtu mwingine.

Kuna kijana mmoja pale ambaye ni mbeba mizigo sokoni. Kuanzia alfajiri hupakia magunia ya mpunga kwenye malori, mengine yakiwa lumbesa zilizoshonewa hadi juu, na jioni, badala ya kwenda kulala, huja kunyanyua ndoo za zege. Nilimuuliza, "Mwanangu, hukuchoka na mizigo?" Akanijibu, "Mama, ule wa sokoni ni wa mwenye mali. Huu ni wangu." Kisha akanionyesha jinsi bega lake la kulia, linalobeba magunia, lilivyokuwa limepanda kuliko la kushoto, na jinsi kwa mwaka mmoja wa dambeli, yaani vyuma vya mkono mmoja, alivyokuwa akililea lile la kushoto ili yalingane. Kwake yeye kioo si majivuno hata kidogo, kwa kuwa kazi ilikuwa imempinda mwili na ni mbele ya kioo anapojinyoosha. Tangu siku ile sijamdharau mtu anayejitazama akifanya mazoezi.

Mtindo wa pili ni ule wa Olimpiki, ambao pale kwetu vijana huutazama kwenye simu tu. Wenyewe una minyanyuo miwili. Katika wa kwanza chuma hutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mvuto mmoja. Katika wa pili hupumzishwa kwanza mabegani, kisha hurushwa juu. Zamani ilikuwa mitatu, lakini baada ya michezo ya Munich ya mwaka 1972 ule wa kusukuma chuma juu kwa mikono peke yake uliondolewa, kwa sababu wanyanyuaji walikuwa wakijipinda nyuma kiasi kwamba waamuzi walishindwa kujua kipi ni halali na kipi si halali. Wanawake waliingizwa kwenye mchezo huo katika Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000. Niliwahi kudhani vijana wetu wanauogopa kwa ugumu wake, hadi nilipoelewa kwamba tatizo ni zege: mnyanyuaji wa Olimpiki akishindwa huachia chuma kikaanguka kwenye jukwaa, na vyuma vyake vimezungushiwa mpira kwa ajili hiyo, ilhali ndoo yetu ikianguka mara moja tu tunaokota kokoto. Mara nyingi watu husema wamechagua mtindo fulani kumbe vifaa ndivyo vilivyowachagulia.

Katika video hizo yupo mtu mmoja ambaye siachi kumrudia, Naim Süleymanoğlu. Alizaliwa Bulgaria katika jamii ya Waturuki, na katika miaka ya 1980 serikali ya huko ilipowalazimisha watu wa jamii hiyo kuacha majina yao na kuchukua ya Kibulgaria, naye akabadilishiwa lake. Mwaka 1986, wakati wa mashindano ya Melbourne, aliwatoroka wenzake akaenda Uturuki. Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya Seoul, akishindana katika uzito wa kilo 60, aliinua kilo 190 juu ya kichwa chake, zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili wake, na jina lililosomwa ubaoni lilikuwa lile alilolichagua mwenyewe. Sijui mazoezi ya kumfikisha mtu hapo yana maumivu kiasi gani, lakini ninapoliona lile jina ubaoni naelewa yalivyovumilika.

Mtindo wangu ni wa tatu, ule wa nguvu tupu, ambao shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1972. Una minyanyuo mitatu. Unachuchumaa na chuma mabegani kisha unasimama. Unalala kwenye benchi na kukisukuma kutoka kifuani. Na unakiinua kutoka sakafuni hadi umesimama wima mikono ikiwa imenyooka. Mashindanoni kila mtu hupewa majaribio matatu kwa kila mnyanyuo, na lililo bora ndilo linalohesabiwa. Mimi, mama wa miaka 47, nilipouona ule wa mwisho ukifanywa na kijana mmoja pembeni nilisimama hapohapo, kwa sababu miguu yake, magoti yake na mgongo wake vilikuwa vilevile nilivyofundishwa kando ya kitanda cha mama. Hapo nikaacha kioo.

Hata mazoezi yangu ya kuongeza uzito kidogokidogo yalikuja kuwa na historia niliyoipenda. Katika miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, ambaye alipokuwa kijana alirudisha nguvu zake kwa vyuma baada ya kuugua, aliwapa askari waliojeruhiwa magoti vyuma vya uzito halisi, akiuongeza kidogokidogo kadiri walivyoimarika, wakati madaktari wengi walikuwa wakiwapa mazoezi mepesi tu. Desturi ya seti za marudio kumi iliyoenea kila mahali inatokana kwa sehemu kubwa na kazi yake. Kwa hiyo fundi aliyeumia kiuno hana haja ya kujiona mgeni mahali pa vyuma.

Lakini kuongeza kidogokidogo kunadai ujue ulipo, na hapa ndipo nilipopata uchungu wangu mkubwa. Nilikuwa na daftari, na katika daftari hilo nilikuwa nimeandika kwa furaha "kilo 60", nikijumlisha ndoo mbili za 25 na bomba tulilolikadiria kuwa la 10. Nilikuwa nimempita mama kwa kilo sita! Lakini kitandani bado nilikuwa nikihema. Siku moja nikaomba vijana wanisaidie kubeba vile vyuma hadi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, tukavipima kwenye mizani yao, bomba tukalipimia kwa kipande kingine cha urefu uleule. Ndoo moja ilikuwa na kilo 21, nyingine 23 na nusu, na bomba kilo 6. Jumla ni 50 na nusu. Chuma nilichojivunia kilikuwa chepesi kuliko mama, tena kimeegemea upande mmoja.

Nilirudi nikiwa nimenyamaza, ila kazi tuliyoifanya wiki ile ndiyo ninayoiona kuwa bora kuliko zote tulizofanya pale. Upande mwepesi tulifunga gia ya kilo mbili na nusu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha kila upande tukaongeza nusu kilo, ikawa 54 kamili. Kwa kuwa ndoo ni ndogo na bomba lilikaa chini mno, tukaziweka juu ya matofali hadi bomba likafika kama sentimita 22 na nusu kutoka ardhini, kimo ambacho vyuma rasmi vyenye kipenyo cha sentimita 45 humpa mnyanyuaji. Vijana wakafuta rangi nyekundu na kuandika upya uzito wa kila kitu pale uwanjani, hata wa vile vilivyopungua na kuwaaibisha. Ilinichukua wiki tano kukiinua mara tano mfululizo. Na kitandani mama aliniambia, "Leo hukuguna."

Mama alifariki mwaka juzi. Nilikaa bila kugusa chuma hadi arobaini ikapita, nikiamini kwamba sababu yangu imekwisha. Wenzangu wengi pale wamekwisha kubadilisha sababu: mmoja aliingia ili apendeze kwenye harusi yake na sasa anafuata usingizi mzuri, mwingine alifuata marafiki, mwingine humtazama Hellen Wawira wa Kenya, aliyepata shaba ya kunyanyua kwa watu wenye ulemavu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, na mwenzetu huyo mwenyewe hutembelea magongo na husukuma chuma kwenye benchi kuliko sisi wote. Mimi nilirudi kwa sababu nilifungua daftari nikitafuta vipimo vya gauni la mteja, nikakuta mwandiko wangu wa siku moja kabla mama hajalazwa kwa mara ya mwisho: "54, mara 5. Mama kala uji wote." Nikavaa raba zangu.

Sasa ninainua kilo 80 kutoka chini, na kuchuchumaa nipo 55. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi huanza na kile cha 54, mara tano, polepole, nikikivuta karibu na mwili kama nilivyofundishwa, kisha vijana wananiongezea vyuma.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani, Morogoro