Jibu: Sindano ya sikio kwa mlio usioisha

Habari mkuu. Umeuliza kama sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) nyuma ya kiwambo cha sikio itauzima mlio wako wa sikioni wa miezi minane. Kwanza kapime usikivu. Kama sikio limepoteza kusikia ghafla, sindano ina maana, hasa ndani ya wiki 2 za mwanzo. Kwa mlio peke yake, tena wa muda mrefu, majaribio yaliyoilinganisha sindano hiyo na sindano ya maji ya chumvi hayakuona tofauti ya maana.

Mimi nilichomwa deksamethasoni (aina ya steroidi) mara 3 baada ya sikio la kushoto kuzima usiku mmoja. Unalala ubavu, unatulia nusu saa bila kumeza mate (na hapo ndipo yanapojaa mdomoni!), ukiinuka kizunguzungu kidogo. Usikivu ulirudi kiasi. Mlio bado ninao. Usiku nawasha feni ndipo napata usingizi.